Mwanamkuu Hakurudisha Kadi

Pale Isevya, mjini Tabora, ukiwa na rimu iliyopinda, utaelekezwa kwa mwanamke. Wageni hudhani wanataniwa. Wanafika kwenye kona, wanakuta kibanda cha mabati, na mbele yake mama wa miaka arobaini na minane amechuchumaa, mtandio kaufunga kiunoni, viganja vyeusi kwa grisi, baiskeli imepinduliwa magurudumu juu. Wanauliza, "Fundi yuko wapi?" Naye huwajibu bila kuinua macho, "Unasema naye."

Jina lake Mwanamkuu binti Nurdini. Kazi aliirithi kwa baba yake, ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume. Mzee Nurdini aliposhauriwa amchukue mpwa wake amfundishe, alisema spana haiulizi imeshikwa na nani, akamkalisha binti yake chini na kumpa gurudumu la kwanza kulinyoosha. Tangu hapo wakulima wa tumbaku na wachoma mkaa wote wa upande ule walijua baiskeli iliyotoka mkononi mwa yule binti haitikisiki.

Siasa aliingia kwa sababu ya kiti. Miaka kama kumi nyuma ulifanyika mkutano wa kuwaondoa mafundi wa kando ya barabara, naye akasimama kuuliza watapelekwa wapi. Kiongozi mmoja akamwambia, "Mama, kaa chini, waume zenu watatusemea hayo." Mwanamkuu hakukaa. Hakusema neno jingine, lakini alisimama vilevile hadi mkutano ulipofungwa, saa mbili nzima, watu wa nyuma wakimwomba asogee nao waone. Kesho yake asubuhi alikwenda kuchukua kadi ya chama cha upinzani. Mumewe, Adinani, mpakiaji mizigo pale stesheni, alipoiona kadi mezani aliigeuza upande huu na upande huu, akauliza tu kama wanatoa na chai.

Basi ukaja mwaka wa uchaguzi mkuu, na mwaka ule watu wengi walidhani upepo umegeuka. Mikutano ya chama chake ilijaa hadi watu wakapanda juu ya kuta. Mwanamkuu alikuwa katibu wa tawi. Alifunga bendera kwenye usukani akaendesha baiskeli hadi Kwihara, akashika ile njia ya kale waliyopita wapagazi na mizigo yao kwenda Ujiji, akasimama kila penye nyumba tatu. Siku nyingine alikwenda upande wa Nzega, kijijini kwa Hilari, mkulima Mkatoliki aliyekuwa mteja wake wa miaka mingi. Hilari na mkewe Pelagia walimwitia majirani, wakakaa uani wakabishana mpaka mihogo ikaungulia jikoni. Mwanamkuu alirudi mjini jua limemchoma shingo na moyo umemjaa. Alimwambia Adinani, "Safari hii tunachukua nchi."

Adinani alikuwa anavua viatu. Alisema, "Inshallah kheri," akavisukuma chini ya kitanda.

Siku ya kupiga kura Mwanamkuu alikuwa wakala wa chama chake katika kituo cha palepale Isevya, darasani. Alikwenda na kalamu mbili, daftari, na chupa ya maji. Kura zilipigwa vizuri. Saa kumi jioni mlango ukafungwa, masanduku yakafunguliwa, na msimamizi wa kituo, mwalimu mstaafu mwenye sauti ya taratibu, akaanza kuinua karatasi mojamoja kila mtu aione. Mwanamkuu alisimama hatua moja kutoka mezani. Kila karatasi aliichorea kijistari daftarini.

Ilifika karatasi moja ambayo alama ya vema ilikuwa imeanza ndani ya kisanduku cha mgombea wa upande wa pili, mkia wake ukateleza na kutoka nje, kama mtu aliyesukumwa kiwiko. Mwalimu akasita. Akasema labda iwekwe na zilizoharibika. Wakala wa upande ule, kijana aliyekuwa amechoka, akainua mabega tu. Mwanamkuu ndiye aliyesema, "Mwalimu, haijaharibika. Huyu anajua alichokitaka. Ni yao, wapeni."

Mwalimu alimtazama juu ya miwani. "Una hakika, mama?"

"Ningekuwa na shaka ningekwambia. Wapeni."

Walipomaliza, hesabu ilikuwa mia mbili kumi na mbili kwa mia moja arobaini na saba. Chama chake kilikuwa kimeshindwa pale Isevya. Lakini daftari lake halikukubaliana na zile namba. Akaomba lile fungu kubwa lihesabiwe tena. Mwalimu hakupenda, maana watu walikuwa wanataka kwenda nyumbani, ila alilihesabu tena, na ndani yake zikakutwa kura mbili za chama cha Mwanamkuu zilizogandamana na nyingine. Ikawa mia mbili na kumi kwa mia moja arobaini na tisa. Zilizoharibika, nne. Namba zikalingana na daftari. Hapo akasoma fomu ya matokeo mstari kwa mstari, akatia sahihi yake, akachukua nakala.

Kushindwa kituo kimoja si kushindwa nchi, alijiambia njiani. Siku zilizofuata alifanya kazi redio ikiwa imening'inizwa msumarini, watu wamejazana kibandani kusikiliza majimbo yakitajwa. Siku ya matokeo ya mwisho ilikuwa asubuhi ya joto, joto lile la Tabora kabla mvua hazijaanza, ambalo hata mabati hulia. Mtangazaji akataja namba. Watu wa kibandani waliondoka mmojammoja bila kuaga, na mwisho akabaki yeye, redio, na gurudumu alilokuwa ameshika.

Aliendelea kukaza spoku. Alikaza mpaka rimu ikapinda upande wa pili, akailegeza, akaikaza tena, ikapinda tena. Miaka thelathini ya kazi, rimu haikuwahi kumshinda. Aliiweka chini, akafunga kibanda saa tano ya asubuhi, akaenda nyumbani akalala akiwa na grisi yake mikononi.

Alilala siku mbili. Ng'ambo ya barabara washindi walipiga ngoma na vuvuzela, na kuna waliofika hadi mlangoni wakabisha hodi na kusema kwa sauti ya msibani, "Tumekuja kutoa pole, marehemu alikuwa na umri gani?" Adinani aliwatoa. Alipika uji, akamletea Mwanamkuu kitandani, akakaa kwenye kiti karibu naye kwa muda mrefu.

"Mama Shamimu," akasema mwishowe, akimwita kwa jina la mtoto wao, "usilolijua ni usiku wa giza, nami sitaki ukae gizani. Katika waliowapigia kura wale wa upande wa pili, mmoja ni mimi."

Mwanamkuu akageuka ukutani.

"Niliogopa," Adinani akaendelea. "Si wao, niliogopa vurugu. Nimeona stesheni jinsi watu wanavyoshuka na virago wakikimbia vita vya kwao. Nikasema bora haya tunayoyajua. Ila nilipokuwa pale kwenye kile kibanda cha kupigia kura nikakufikiria wewe umekaa pale mezani, mkono ukanitetemeka. Alama ikatoka nje. Nadhani hata waliitupa."

Halafu kitanda kikaanza kutikisika, na Adinani akadhani analia. Alikuwa anacheka, kicheko cha mtu mwenye homa, machozi yakimtoka humohumo.

"Hawakuitupa," akasema. "Walitaka kuitupa. Mimi ndiye niliyeipigania."

Akainuka, akanywa uji wote, akamwambia mumewe hatamsamehe leo wala kesho, lakini kura ni yake na ndivyo ilivyo, na kama kuna maji ya moto ayalete anawe mikono. Asubuhi iliyofuata akafungua kibanda. Ile rimu aliinyoosha kwa dakika kumi.

Mteja wa kwanza alikuwa Lukumani wa Chemchem, mwenyekiti wa tawi lake. Hakuja na baiskeli. Alikuja na karatasi.

"Dada Mwanamkuu, tunakusanya maelezo ya mawakala," alisema. "Wapo waliotolewa nje ya vituo, wapo waliolazimishwa kusaini. Tunaandika malalamiko. Nawe tunataka useme ulitolewa nje wakati wa kuhesabu, na ile sahihi ulitishwa."

"Nani kakwambia nilitolewa?"

"Hakuna aliyesema. Tunasema sisi." Akapunguza sauti. "Fomu yako imenyooka mno. Wenzetu wa upande ule wanaitumia kutuonyesha kwamba Isevya tulishindwa kihalali. Inatuharibia."

Mwanamkuu alifuta mikono kwa kitambaa, kidole kimojakimoja. "Waliotolewa nje waandike, nami nitakwenda nao popote watakaposikilizwa, hata miguu. Lakini mimi sikutolewa. Nilisimama pale, nikahesabu, nikabishana, wakanirudishia kura mbili. Hapa Isevya tulishindwa kwa kura sitini na moja. Kinachonichoma ni hicho, wala sina haja ya kingine."

"Watu wamekata tamaa, dada. Wanahitaji kitu cha kushika."

"Washike hicho basi. Kura sitini na moja. Ni nyumba ishirini tu ambazo hatukubisha hodi. Nikisema uongo wa kituo changu, mwenzangu aliyetolewa kweli atasadikiwa na nani?"

Lukumani akamwambia kuna watu wanasema amenunuliwa. Mwanamkuu akamwonyesha kibanda kwa mkono, mabati yenye kutu, tairi kuukuu, benchi la miguu mitatu na tofali, akamwuliza anaona wapi bei yake. Yule bwana hakucheka. Wiki hiyohiyo tawi lilikaa kikao bila yeye na kumvua ukatibu. Barua aliletewa kibandani. Aliisoma, akaikunja, akaiweka pamoja na fomu yake ya matokeo ndani ya mfuko wa nailoni.

Waswahili wanasema jino la pembe si dawa ya pengo, lakini upande wa pili walidhani wameona pengo na jino wanalo. Mzee Sabiri, balozi wa mtaa na mwenye duka la jumla mbele ya kibanda, alisikia mambo ya barua. Alikuja jioni na mfuko.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wamekutupa, eti." Akatoa fulana ya rangi ya chama chake na doti ya khanga, akaviweka juu ya benchi. "Wewe ni mtoto wa Nurdini, nami na Nurdini tumekua pamoja. Ulisaini kama mtu mwenye akili. Rudi nyumbani. Jumamosi tuna mkutano wa shukrani hapa uwanjani, utapita mbele, utarudisha ile kadi yao, basi. Na soko jipya likigawiwa, fundi mzuri hawezi kukosa kizimba."

"Nakushukuru kwa heshima ya baba yangu, mzee. Fulana yenyewe nzuri. Ila chukua tu."

"Ifikirie."

"Nimeshaifikiria. Niliifikiria nikiwa nimesimama saa mbili, miaka kumi iliyopita."

Mzee Sabiri aliacha mfuko palepale kwenye benchi, akavuka barabara. Mwanamkuu aliubeba, akamfuata, akauweka juu ya kaunta ya duka lake kati ya magunia ya sukari, akarudi kazini.

Jumamosi ikafika. Uwanja wenyewe uko hatua thelathini kutoka kibandani, na hakuwa na namna ya kutousikia. Hilari alikuwa amekuja siku hiyo na baiskeli yake iliyovunjika pedali. Walifanya kazi huku spika zikipiga muziki. Kisha hotuba, kisha tena muziki, na mara Mwanamkuu akasikia jina lake.

"Ndugu zetu wengine wameanza kuona mwanga," ilisema sauti ya kipaza sauti. "Tunaye hapa Mwanamkuu binti Nurdini, aliyekuwa katibu wao. Popote alipo, apite mbele arudishe kadi."

Watu wakageuka kutazama kibandani. Wengine walipiga makofi. Hilari alisema polepole, "Fundi, kaa. Wakinyamaza wewe utakuwa umeshinda."

"Nikikaa, kesho watasema kadi niliirudisha."

Alichukua ule mfuko wa nailoni. Hakuvua mtandio kiunoni wala hakunawa. Alikwenda moja kwa moja, watu wakampisha, akapanda jukwaani, akamwamkia Mzee Sabiri kama inavyompasa mtoto kumwamkia mkubwa. Yule mwenye kipaza sauti akamnyooshea kiganja apokee kadi. Mwanamkuu akakichukua kipaza sauti.

"Nimeitwa nami nimeitika," akasema. "Nilihesabu kura za kituo chetu kwa mkono huu. Mlipata mia mbili na kumi. Fomu hii hapa, sahihi yangu hii hapa, na atakayesema hamkupata, hata awe wa chama changu, nitamkatalia. Hongereni."

Wakashangilia. Akangoja wanyamaze.

"Na sisi tulipata mia moja arobaini na tisa. Hao hawakuhama Isevya. Baadhi yao wako hapa uwanjani wamekuja kula pilau yenu, wala si dhambi. Mlituahidi daraja la kwenye mfereji ule ambao kila masika unaingia majumbani. Maji hayaulizi kadi. Mvua ikianza, nitakuja kuliulizia, mimi na hao mia moja arobaini na tisa, na katika wenu mia mbili na kumi watakuwapo wa kunifuata. Kuhusu kadi yangu, sikuiokota njiani, kwa hiyo siwezi kuiacha njiani."

Kuna aliyezima kipaza sauti kabla hajamaliza. Haikusaidia, kwa maana mwanamke aliyezoea kumwita mtu aliyepita na baiskeli mbovu ng'ambo ya barabara hahitaji umeme. Sentensi ya mwisho ilisikika hadi dukani. Hakukuwa na makofi. Mama mmoja, aliyevaa fulana yao ileile, alisema kwa sauti ya kawaida, "Mfereji kweli." Mwanamkuu akateremka, akarudi kwenye pedali ya Hilari. Hilari akamshikia spana mpaka walipomaliza.

Isidhaniwe mambo yalikuwa mepesi baada ya hapo. Wateja wa upande wa Mzee Sabiri walihamia kwa fundi mwingine, na wa chama chake mwenyewe waliomwita msaliti nao hawakuja. Kulikuwa na siku alizokaa toka asubuhi mpaka adhuhuri bila kushika tairi. Soko lilipogawiwa, kizimba hakupata. Usiku mwingine alimwuliza Adinani kama si afadhali angenyamaza, na Adinani, ambaye bado alikuwa hajasamehewa rasmi, alisema kwamba yeye alinyamaza na hakuona faida yake.

Kikao cha tawi kilichofuata alikwenda. Hakualikwa, ila kadi yake ilikuwa hai, na wanachama wote wana haki ya kuhudhuria. Alikaa benchi la nyuma. Walipouliza kama kuna lolote, akanyoosha mkono, akaulizwa anataka nini, akasema anataka orodha ya nyumba ambazo hazikubishwa hodi. Hakuna aliyekuwa nayo. Akasema ataiandika yeye. Kikao kingine akaja nayo. Mvua zilipoanza na mfereji ukafurika, alikwenda ofisi ya mtaa na watu kumi na tisa, saba kati yao wakiwa wa upande wa pili. Walipewa tarehe, tarehe ikapita, wakaenda tena. Mara ya nne yakaja malori mawili ya mawe. Daraja lenyewe halijakamilika hadi leo, mawe yapo.

Ni katika masika hayo Lukumani alipotokea akikokota baiskeli, gurudumu la mbele limepinda kama nane. Alikuwa ameangukia shimoni Chemchem. Mafundi wawili walikuwa wameshamwambia anunue rimu nyingine.

"Habari za siku nyingi, mwenyekiti," alisema Mwanamkuu.

"Nzuri." Akatazama pembeni. "Inafaa hii?"

"Inafaa. Kaa."

Alifanya kazi kwa karibu saa nzima, akilegeza upande huu na kukaza ule, akizungusha gurudumu na kulitazama kwa jicho moja. Lukumani alikaa kwenye benchi la tofali. Alipokaribia kuondoka akasema bila kuinua kichwa kwamba yale maelezo waliyokusanya hayakufika mbali, kwa sababu hata ya kweli yalichanganyika na ya kutungwa. Mwanamkuu hakumwambia "nilikwambia". Alimwuliza mawakala wa safari ijayo watafundishwa lini.

"Uchaguzi umeisha juzi, dada."

"Ndiyo maana nauliza mapema."

Hivi sasa kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, baada ya adhuhuri, kuna watu wanane au kumi kibandani kwa Mwanamkuu. Wamo wa Isevya, wamo wa vijijini, Pelagia mke wa Hilari huja akitoka kanisani na gauni lake la Jumapili. Ukatibu hakurudishiwa. Anawafundisha kusoma fomu, kuhesabu kwa vijistari, kujua kura ipi imeharibika na ipi haijaharibika, na namna ya kubishana na msimamizi bila kumvunjia heshima. Karatasi za mazoezi amezikata kwenye maboksi ya tairi. Mara mojamoja Adinani huitwa aje kupiga kura za mfano, na huambiwa mbele ya watu achore ndani ya kisanduku.

Jumapili moja Pelagia aliuliza, "Na safari ijayo tukishindwa tena?"

"Inawezekana kabisa," alisema Mwanamkuu. "Mimi nimeshindwa na nikaamka siku ya tatu. Wewe ni mzima kuliko mimi, utaamka ya pili."

Pelagia akasema yeye ana ng'ombe wa kukamua, ataamka siku hiyohiyo. Wakacheka. Wingu lilikuwa limetanda upande wa Nzega, wakasogeza benchi ndani ya kibanda, wakabanana, na Mwanamkuu akagawa fungu jingine la karatasi.